Actress, Chairlady, Manageress: Mwongozo wa Kuandika Vyeo vya Wanawake kwa Kiingereza

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri nyaraka, na ni nadra wiki kupita bila mtu kuniletea wasifu, tangazo la kazi au muhtasari wa kikao wenye swali lile lile. Binti aliyesomea maigizo anataka kujua kama ajiite "actor" au "actress". Katibu wa kikoba anauliza kama mwenyekiti wao, ambaye ni mama mwenye wajukuu, aandikwe "chairman", "chairlady" au "chairperson". Msimamizi wa hoteli ameambiwa na mjomba wake kwamba kwa kuwa yeye ni mwanamke basi cheo chake sahihi ni "manageress", naye hana amani nacho. Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi mno, na sasa nayaandika mahali pamoja, kwa hatua, ili mwenye waraka mezani aweze kuunyoosha mwenyewe.

Chanzo cha taabu yote ni kwamba Kiswahili hakiulizi jinsia ya mwenye kazi. Mwalimu ni mwalimu, mkunga ni mkunga, na kitenzi hubeba a- ile ile awe mwanamume au mwanamke. Kiingereza, kwa upande wake, kina vyeo vichache vinavyoonyesha jinsia mwishoni mwa neno, vingine vilivyokuwa vikiionyesha vikaacha, na vingi ambavyo havikuwahi kuionyesha kabisa. Aliyekaririshwa darasani jozi za kiume na kike, kuanzia "lion" na "lioness" hadi "poet" na "poetess", hutoka akiamini kwamba kila cheo kina mke wake. Sivyo. Kanuni ninayoitumia mimi, na ambayo hatua zote hapa chini zinaizunguka, ni kwamba kiambishi cha kike hakiwekwi mpaka kuwe na sababu ya kukiweka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Waraka wa asili wa Kiswahili, si tafsiri iliyokwisha kupita mikononi mwa programu ya kompyuta, kwa sababu programu hizo hubahatisha jinsia pale ambapo Kiswahili kimenyamaza.
- Kamusi ya Kiingereza ya miaka ya karibuni inayoonyesha kama neno limepitwa na wakati. Kamusi ndogo ya mfukoni iliyorithiwa kwa kaka haitakusaidia hapa.
- Jina rasmi la cheo kama lilivyo kwenye barua ya uteuzi, katiba ya chama au tangazo la ajira.
- Namba ya simu ya mwenye cheo, au ya mtu anayemfahamu.
- Jibu la swali moja: waraka huu unakwenda kusomwa wapi na nani?

Hatua ya 1: Hakikisha jinsia ya mtu kabla ya kuandika neno lolote

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo iliyonifedhehesha. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri muhtasari wa kikao cha chama cha akiba na mikopo. Sentensi ya kwanza ilisema, "Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, akawaomba wajumbe wazime simu zao." Nikawa makini sana na saa, nikaigeuza kuwa 10.10 kama Waingereza wanavyohesabu, kisha bila kufikiri nikaandika "The Chairman" na baada yake "he", na kuanzia hapo "he" ikatiririka kurasa tano. Faili likamfikia mwenyekiti kabla ya kupelekwa kwa wafadhili. Lilirudi kwangu likiwa na duara la penseli kuzunguka kila "he", na pembeni ya duara la kwanza mama yule alikuwa ameandika maneno matatu: "Ni nani huyu?"

Viashiria vya kwenye maandishi ya Kiswahili vinaweza kukusaidia au kukuhadaa. "Bi." na "Bw." vinasema wazi. "Ndg.", "Mhe.", "Dkt." na "Prof." havisemi kitu. Majina nayo si ya kuyaamini sana, kwa kuwa Amani, Furaha na Tumaini huitwa watoto wa kike na wa kiume, na mtu wa Bukavu anaweza kusikia mwanamke pale ambapo mtu wa Morogoro amesikia mwanamume. Ukikosa uhakika, piga simu uulize. Ukikosa wa kumuuliza, tumia cheo kisicho na jinsia na upange sentensi zako kwa namna itakayoelezwa katika hatua ya 7.

Hatua ya 2: Tambua mkia wa neno

Nadharia inayohitajika ni kidogo tu. Mkia unaoonekana zaidi ni "-ess", ulioingia Kiingereza kupitia Kifaransa, ambacho nacho kiliupokea kutoka Kilatini na Kigiriki. Huu ndio ulioko katika "actress", "waitress", "hostess" na "princess". Mkia wa pili ni "-ette", nao una historia isiyopendeza, kwani kazi yake ya kawaida ni kuonyesha udogo, kama "kitchenette" ambayo ni jiko dogo, au uigaji, kama "leatherette" ambayo ni ngozi ya bandia. Mwanamke anayewaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa sinema alipoitwa "usherette", neno lilimpunguza kimo papo hapo. Gazeti la Daily Mail la Uingereza lilijua lilichokuwa likifanya mwaka 1906 lilipowabandika jina la "suffragette" wanawake wa chama cha Emmeline Pankhurst waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Lilikuwa neno la kebehi. Wenyewe wakalichukua, wakalivaa, na mwaka 1912 wakaliita gazeti lao kwa jina hilo hilo, ndiyo sababu leo hii ni neno la heshima katika vitabu vya historia na hakuna anayelikumbuka kama tusi.

Mikia mingine utaikuta mara chache: "-trix" katika lugha ya sheria, "-enne" katika "comedienne", "-euse" katika "masseuse", na "-ine" katika "heroine". Kisha kuna maneno yanayoishia na "-man", "-woman", "-boy" na "-girl", ambayo yana hatua yake peke yake.

Onyo: si kila neno lenye sura ya mkia ni la kike. "Witness" ni shahidi wa jinsia yoyote, "mattress" ni godoro, na "fortress" ni ngome. Vivyo hivyo "midwife", yaani mkunga, halimtaji mkunga kuwa mwanamke. Sehemu yake ya kwanza katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya "pamoja na", na "wife" ilikuwa mwanamke yeyote, kwa hiyo neno zima linamtaja mtu aliye pamoja na mwanamke anayejifungua. Mkunga wa kiume ni "midwife" bila kubadilisha herufi hata moja, na anayemwandika "midhusband" anafanya mzaha.

Hatua ya 3: Uondoe mkia, kisha usome tena

Chukua neno lenye mkia wa kike, likate mkia, na usome sentensi. Ikiwa hakuna kilichopotea isipokuwa habari ya jinsia, acha lilivyo bila mkia. Kwa njia hii "authoress" inarudi kuwa "author", "poetess" inakuwa "poet", "manageress" inakuwa "manager", na yule msimamizi wa hoteli anaweza kumjibu mjomba wake kwa adabu. Maneno haya yenye mkia hayana kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba msomaji wa leo huyasikia kama kumpima mwanamke kwa kipimo cha kando, kana kwamba kuna waandishi na kuna waandishi wa kike.

Yapo maneno ambayo mkia bado uko hai, na hapa ndipo unapohitaji kamusi yako. "Waitress" bado linasemwa kila siku, ingawa Wamarekani wengi sasa husema "server" kwa wote. "Heiress", mrithi wa kike wa mali, lipo. Vyeo vya kifalme, yaani "princess", "duchess" na "empress", haviguswi, kwa sababu ni vyeo rasmi na si majina ya kazi. "Goddess" linabaki. "Priestess" linabaki kwa kuhani wa kike wa dini za kale tu: Kanisa la Uingereza lilipowapa wanawake daraja la ukasisi kwa mara ya kwanza katika kanisa kuu la Bristol mwaka 1994, wanawake hao waliitwa "priests", kwa hiyo ukimwandika kasisi wako wa Kianglikana kuwa "priestess" utakuwa umempeleka kwenye mizimu.

"Actress" ndilo neno linalobishaniwa zaidi, na sina jibu moja la kukupa. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, Mkenya, alishinda tuzo mbili kubwa za Marekani kwa uigizaji wa filamu moja. Januari chama cha waigizaji kilimpa tuzo ambayo jina lake humwita mshindi "Female Actor". Machi akapokea Oscar katika kundi ambalo jina lake humwita "Actress". Ni mtu yule yule na kazi ile ile, kwa tofauti ya wiki sita hivi. Ushauri wangu kwa binti anayeandika wasifu ni atumie "actor", kwa sababu hilo ndilo jina ambalo waigizaji wengi wa kike wa lugha ya Kiingereza wanajiita sasa, ila anapotaja tuzo aliyopewa aiandike kama ilivyoandikwa kwenye cheti.

Onyo kubwa la hatua hii: kuna mikia ambayo haikumaanisha "mwanamke mwenye kazi hii" bali "mke wa mwenye kazi hii", na mingine ambayo neno limehama kabisa. "Ambassadress" aghalabu alikuwa mke wa balozi. "Mayoress" huko Uingereza kwa kawaida ni mke wa meya au mwanamke anayeandamana naye kwenye sherehe, na mwanamke aliyechaguliwa kuwa meya ni "mayor". Kibaya kuliko vyote ni "governess", ambaye ni mwalimu wa kuajiriwa anayekaa nyumbani kwa tajiri na kufundisha watoto wake. Wakenya walipowachagua magavana wanawake wa kwanza mwaka 2017, yaani Joyce Laboso wa Bomet, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga, kila mmoja wao alikuwa "Governor". "Mistress" nalo lilikuwa mwenzi wa "master", lakini leo likisimama peke yake husomeka kama hawara, hivyo usilithubutu nje ya "headmistress".

Hatua ya 4: Shughulikia vyeo vyenye "man"

Hapa usianze kwa kubuni. Kwa karibu kila cheo cha namna hii Kiingereza kimekwisha kupata neno lisilo na jinsia, na sababu yake ni ya kisheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia ilisema kwamba tangazo la kazi lenye jina kama "waiter", "salesgirl", "postman" au "stewardess" litachukuliwa kuwa linakusudia kubagua, mpaka tangazo lenyewe liseme vinginevyo. Marekani nayo, Wizara ya Kazi ilipotoa upya orodha yake kubwa ya majina ya kazi mwaka 1977, iliyaondoa yale yaliyotaja jinsia. Waajiri wakalazimika kutafuta maneno, na maneno yakapatikana.

Kwa hiyo askari wa zimamoto ni "firefighter", polisi ni "police officer", mpiga picha za video ni "camera operator", msemaji ni "spokesperson", mfanyabiashara ni "business owner" au "trader" kulingana na ukubwa wa shughuli, na mhudumu wa ndege ni "flight attendant" au, mkitaja kundi zima, "cabin crew". "Air hostess" bado linasikika sana kwetu kwenye matangazo ya vyuo, lakini kwenye maombi ya kazi ya shirika la ndege liache. Mlinzi, ambaye Kiingereza cha Afrika Mashariki humwita "watchman", ni "security guard".

Mwenyekiti anastahili aya yake. "Chairperson" ndilo neno la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inapozungumzia tume zake, na kwa waraka wowote rasmi wa ukanda wetu ndilo salama zaidi. "Chair" ni fupi na limeenea, lakini wapo wanaolikataa wakisema mtu si samani. Huwa nawakumbusha kwamba Kiswahili kilimaliza shauri hili zamani kwa kumwita mwenye kiti, kikaacha kuuliza ni bwana au bibi.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika "chairperson" kwa mwanamke na "chairman" kwa mwanamume ndani ya waraka mmoja. Ukifanya hivyo, neno lililokusudiwa kuficha jinsia linageuka kuwa jina jingine la kike. Chagua moja kwa wote. Kosa la pili ni kuona "man" mahali ambapo hayupo: "manager" na "manual" yanatokana na neno la Kilatini la mkono, na "human" lina mzizi wake mwingine kabisa, kwa hiyo yaache yapumzike.

Hatua ya 5: Ondoa "lady", "female" na "male" vilivyowekwa mbele

Mtu akikatazwa mkia hukimbilia kichwa. "Lady doctor", "female engineer" na "male nurse" ni vyeo vyenye mshangao ndani yake, kana kwamba mwandishi amekutana na jambo asilolitarajia. Andika "doctor", "engineer", "nurse". Jinsia itaonekana kwenye jina la mtu au kwenye kiwakilishi kitakachofuata.

Weka neno hilo pale tu ambapo jinsia ndiyo habari yenyewe. Anne Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, mwaka 2010, na sentensi hiyo haina maana bila neno "mwanamke". Lakini cheo chake kwa Kiingereza ni "Speaker" kama cha wote waliomtangulia. Kinachobadilika ni namna ya kumwita ukumbini, "Madam Speaker" badala ya "Mr Speaker", wakati sisi kwa Kiswahili tuliendelea na "Mheshimiwa Spika" bila kugusa kitu. Vilevile usiondoe neno lililomo katika cheo cha kikatiba au kilichozoeleka kama jina la ofisi: "Woman Representative" wa kaunti za Kenya anabaki hivyo hivyo, kwa kuwa kiti chenyewe kimetengwa kwa wanawake.

Hatua ya 6: Shughulikia vyeo vya Kiswahili vyenye jinsia ndani yake

Nimesema Kiswahili hakiulizi jinsia, na hapo nilirahisisha. Tunao bwana shamba na bibi shamba, bwana afya na bibi afya, mama lishe na siku hizi baba lishe, mama mboga wa Nairobi, metroni wa bweni, hausigeli na hausiboi. Tunao pia Alhaji na Hajati. Hivi ndivyo vyeo vinavyowaangusha watafsiri, kwa sababu hupenda kuhamisha neno kwa neno. Nimewahi kuona bibi shamba akiandikwa "farm lady" kwenye ripoti ya mradi wa mahindi, na msomaji wa ng'ambo bila shaka alimdhania mke wa mkulima.

Njia ni kuuliza serikali au mwajiri anamwitaje. Bwana shamba na bibi shamba wote ni afisa ugani, kwa hiyo kwa Kiingereza ni "agricultural extension officer". Bwana afya ni afisa afya, "health officer". Mama lishe ni "food vendor", na mama mboga ni "vegetable seller". Ikiwa ladha ya neno inahitajika, kama katika makala ya gazeti kuhusu maisha ya sokoni, liache kwa Kiswahili na ulieleze mara moja.

Kuhusu hausigeli na hausiboi nina msimamo mkali kidogo. "House girl" na "houseboy" katika Kiingereza humwita mtu mzima mtoto, na hilo la pili limebeba harufu ya jikoni kwa mkoloni, ambako mzee mwenye mvi aliitwa "boy" na watoto wa bwana wake. Andika "domestic worker", ambalo ndilo neno la Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, na linamhusu dada wa kazi, mtunza bustani na mpishi kwa pamoja.

Hatua ya 7: Linganisha viwakilishi

Cheo kikishakuwa safi, kiwakilishi kinaweza kukichafua. Tangazo linalosema "The Director" kisha "he shall report" limekwisha kuamua mkurugenzi ni nani. Zamani wanasheria wa Uingereza walijitetea kwa sheria ya mwaka 1850 iliyosema kwamba maneno ya kiume katika sheria yanawahusu wanawake pia. Utetezi huo ulipimwa mwaka 1868, wanawake wa Manchester walipodai kwamba neno "man" katika sheria ya uchaguzi linawahusu nao, na mahakama ikakataa. "He" ilimhusu mwanamke alipotakiwa kulipa faini, ikamkimbia alipotaka kupiga kura. Tangu mwaka 2007 serikali ya Uingereza imeamua kuandika miswada yake kwa lugha isiyoelemea jinsia moja.

Kwa waraka wako, njia rahisi ni wingi. "Applicants must submit their certificates" haina ugomvi na mtu. Pale ambapo umoja ni lazima, "they" kwa mtu mmoja inakubalika na ni ya kale katika Kiingereza kuliko walimu wetu walivyotuambia. "He/she" si kosa, lakini ikirudiwa mara 20 katika ukurasa mmoja humchosha msomaji. Na unapomfahamu mtu, mwandike kwa jinsia yake bila woga: mwenyekiti wangu wa hatua ya 1 alikuwa "she", na alitaka iandikwe hivyo.

Hatua ya 8: Pima waraka kwa mahali unakokwenda

Mahakamani mambo ni tofauti. Katika wosia na mirathi, wasii wa kike bado utamkuta akiitwa "executrix", na mwanamke aliyeacha wosia "testatrix". Ukitafsiri hati iliyopo, fuata hati. Ukiandika mpya, muulize wakili kama "executor" itatosha. Kuhusu majaji, "Lady Justice" ni cheo kinachotumika Kenya na Uingereza, na usikibadilishe kwa bidii ya kuondoa jinsia. Kilipatikana kwa shida: Elizabeth Butler-Sloss alipoteuliwa mwaka 1988 kuwa mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza na Wales, sheria ilitambua "Lord Justice" tu, naye akabeba jina la bwana kwa miaka.

Shuleni, "headmistress" bado ni neno la kawaida Dar es Salaam na Kampala. Kwa barua ya ndani halina tatizo. Kwa maombi ya ufadhili yaendayo nje, "head teacher" au "head of school" linasomeka vizuri zaidi. Kwenye hospitali zinazofuata desturi ya Kiingereza, "Sister" ni muuguzi mkuu wa wodi, si kila nesi wa kike, ingawa wagonjwa wetu humwita sista yeyote anayepita na sindano.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Mwenyewe anasisitiza aitwe "chairlady".* Mwandike "chairlady". Neno hilo limeota mizizi katika vikundi vya akina mama, hasa Kenya na Uganda, na mtu ana haki juu ya cheo chake kuliko mhariri. Ila hakikisha limo katika katiba ya kikundi kama waraka unakwenda benki, kwa sababu benki hulinganisha majina ya vyeo na sahihi.

*Mtihani unataka jozi za kiume na kike.* Jibu kama kitabu cha darasa kinavyotaka. Aliyeulizwa kike cha "poet" aandike "poetess" apate alama yake. Mwongozo huu ni wa nyaraka za kazi, si wa kubishana na msahihishaji.

*Tahajia inakataa.* Maneno mengi yanayoishia "-or" na "-er" hupoteza irabu kabla ya "-ess": ni "actress" na "waitress", si "actoress" wala "waiteress". Lakini "manageress" na "authoress" huibakiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoyatumia. Katika "heiress" herufi ya kwanza haitamkwi, kwa hiyo hutanguliwa na "an". Na tafadhali hesabu herufi za "heroine". Ukisahau "e" ya mwisho umeandika dawa ya kulevya, na nimeikuta kwenye risala ya kumuaga mwalimu mkuu, iliyokwisha kuchapwa nakala 200.

*Neno la zamani liko ndani ya nukuu au cheti.* Liache. Ikiwa cheti cha mwaka 1968 kinasema "stewardess", wasifu utaje cheti kama kilivyo, na maelezo ya kazi yanayofuata yatumie "flight attendant".

*Barua inakwenda kwa mtu usiyemjua.* "Dear Sir" peke yake ni kubahatisha. "Dear Sir or Madam" inatosha, na kumwandikia kwa cheo chake, kama "Dear Hiring Manager", ni bora zaidi. Kwa mwanamke unayemjua jina lakini hujui kama ameolewa, tumia "Ms", ambayo haiulizi habari ya ndoa.

*Programu ya kompyuta imegeuza daktari kuwa "he" na muuguzi kuwa "she".* Tafuta kila kiwakilishi katika waraka kwa kitufe cha kutafuta, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja urudi kwenye Kiswahili ujiulize maswali ya hatua ya 1. Waraka wa kurasa tano huchukua kama robo saa. Mimi hufanya hivyo nikiwa na penseli mkononi.